Mgeni Aliyekula Jikoni

Parokia iliponituma nishuke Mbamba Bay kumpokea mgeni kutoka nje ya nchi, mtu ambaye leo tungesema anapambana na biashara ya kusafirisha watu, niliazima viatu. Vyangu vilikuwa vimekwisha visigino, na kichwani mwangu mgeni wa nje ya nchi alikuwa mzungu mwenye kofia, gari na maswali mengi. Nikasimama gatini viatu vya watu vikinibana. Boti ikafika, wakashuka wachuuzi na mizigo yao, wakashuka wagonjwa na wanaowasindikiza, na nyuma ya wote akashuka mama mmoja mtu mzima, mfupi, kitenge kimoja kiunoni na kingine mabegani, kapu mkononi. Alinijia moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Mama," nikasema, nikiwa bado namtafuta mzungu nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu. Viatu vinakuumiza. Vua tu, mimi mwenyewe navaa nikiingia kanisani."

Hiyo nje ya nchi aliyotoka ilikuwa ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Asubuhi ikitakata unaiona milima yake ukiwa umesimama ufukweni unapiga mswaki. Watu wa mwambao wetu na wa kwao wanaoana, wanazikana, na lugha zao zinasikilizana. Yeye alikuwa Mwanglikana, mjane, mama wa kanisa asiye na cheo chochote. Mimi nilikuwa Mkatoliki wa milimani, Mmatengo, nimeajiriwa na parokia kwa kazi za akina mama, msichana bado, mwenye hasira za karibu na mdomo usio na breki. Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha njia na kumfasiria Kimatengo. Nisiseme uongo, siku ile nilinuna. Nilikuwa nimejiandaa kupanda gari la wageni, nikajikuta nimekaa juu ya magunia kwenye pikapu inayopanda Mbinga, mgeni wangu ananimenyea muhogo mbichi.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Kahawa ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ilinunuliwa na kila mwenye lori. Mabati yakaanza kung'aa vilimani, redio zikaongezeka, mitumba ikajaa sokoni Mbinga, na watu wakapanua mashamba mpaka mikono ya nyumbani ikawa haitoshi. Hapo ndipo walipotokea madalali wa watu. Dalali wa upande wetu alikuwa mcheshi, anajua kuamkia wazee, anajua kubeba mtoto wa mtu akambembeleza. Alivuka ng'ambo kununua samaki wakavu, akawaambia akina mama wenye mabinti kwamba huku kuna mafunzo ya cherehani. Akarudi na samaki, na mabinti. Mabinti aliwagawa kwa wakulima wa kahawa, akalipwa kitu alichokiita nauli. Haya maneno tunayoyasikia leo kwenye semina, usafirishaji haramu wa binadamu, hatukuwa nayo. Sisi tulisema tu, fulani naye kapata mtoto wa kumsaidia.

Mgeni wangu alikuja kumtafuta binti mmoja. Mama wa binti huyo alikuwa akikaa benchi moja kanisani na mgeni wangu, na tangu binti aondoke hakupata salamu yake hata moja. Safari yake ya awali mgeni aliuliza Liuli, akauliza Mbamba Bay, mpaka mama mmoja muuza usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, akamweleza kwamba alipopanda kuuza upande wa Litembo, binti mmoja alimsalimia kwa lugha ya ng'ambo kisha akaanza kulia huku amekinga bakuli lake. Muuza usipa aliikumbuka nyumba. Ilikuwa na mabati mapya na vichanja vingi vya kahawa uwanjani.

Tulikwenda. Kwa ushauri wangu tulianza na mtendaji wa kijiji, tukaingia uwanja wa watu tukiwa na serikali mbele. Mwenye nyumba alikuwa mzee anayeheshimika, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata paroko humsikiliza. Alitupokea vizuri, akatuwekea viti. Mtendaji akaamuru binti aitwe, akasimamishwa katikati yetu, mikono imejaa utomvu wa kahawa, mama mwenye nyumba akamshika bega.

"Wewe," mtendaji akamuuliza, "unakaa hapa kwa hiari yako au umeshikiliwa?"

Binti akatazama vidole vya miguu yake. "Niko nyumbani," akasema.

"Mmesikia wenyewe," mzee akasema. "Huyu ni mtoto wetu. Krismasi anashonewa nguo kama wengine, Jumapili tunakwenda naye kanisani. Ulizeni majirani kama kuna aliyewahi kumsikia akilia."

Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfungia. Ndiyo maana jambo lenyewe lilikuwa gumu kulishika. Aliamka wa kwanza, akachota maji, akapika, akachuma kahawa, akaimenya kwa mashine ya mkono, akaiosha, akaianika, akapika tena. Mshahara hakuupata, cherehani hakuiona, na kila alipotaja kushuka ziwani aliambiwa asubiri mavuno yaishe. Mavuno yakiisha, yanakuja mengine. Nyumba nzima, kijiji kizima, waliamini wanamlea. Kwetu anayekula chungu cha nyumba fulani ni wa nyumba hiyo, basi, hakuna wa kuuliza zaidi.

Tulipotoka uwanjani damu ilikuwa inanichemka. Nikamwambia mgeni twende Mbinga mjini, tuchukue polisi, turudi na pingu. Yeye alikuwa amesimama njiani anafunga upya kitenge chake.

"Polisi watamuuliza swali lile lile," akasema, "na atawajibu hivyo hivyo. Mwanangu, tumemsimamisha mbele ya watu kama mwizi wa kuku. Ningekuwa mimi, ningesema hivyo hivyo."

Kisha akafanya jambo lililoniacha mdomo wazi. Aligeuka, akarudi uwanjani kwa mzee yule yule, akaamkia upya. "Mzee," akasema, nami nikifasiri kwa shingo upande, "tumekuja vibaya na serikali, utusamehe. Naona kahawa yako imeiva na mikono ni michache. Nipe mahali pa kulala na huyu mwanangu. Tutachuma."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Hakuwa mtu mbaya wa moyo, na mgeni mtu mzima anayeomba kulala kwako ni heshima. Akakubali. Mtendaji alitikisa kichwa akaenda zake, na mimi, niliyesoma mpaka sekondari nikidhani nimeagana na kahawa ya baba yangu, nikapewa kikapu.

Hapa lazima niieleze sengu, maana bila sengu hadithi hii haieleweki. Kwetu Umatengo sengu ni mlo wa pamoja wa ukoo. Kila nyumba inapika na kupeleka chakula chake uwanjani kwa mkubwa wa ukoo, wanaume wanakula pamoja, na baada ya kula mambo ya ukoo yanazungumzwa hapo hapo, mashamba, ndoa, ugomvi. Akina mama na watoto wanakula kwao upande wa jikoni. Enzi hizo nyumba nyingi zilikuwa zimeanza kuiacha. Kila mtu na sahani yake, kila mtu na redio yake. Mzee yule hakuiacha. Alikuwa anajivuna nayo, na alikuwa na haki. Nyumbani kwake mgeni, hata mwanamke akiwa mtu mzima, aliwekewa kigoda pembeni ya mwenye sengu, na hakuna aliyegusa chakula kabla mgeni hajafika.

Siku ya kwanza, chakula kilipokuwa tayari, akatumwa mtu jikoni kumwita mgeni sengu. Mgeni wangu alikuwa amekaa kwenye kipande cha gogo, macho mekundu kwa moshi.

"Mshukuruni Mzee sana," akasema. "Mimi nitakula hapa. Nina mwenzangu."

Walidhani mwenzake ni mimi, nikaitwa na mimi. Nilisikia harufu ya nyama ya mbuzi kutoka uwanjani nikainuka mara moja. Akanishika upindo wa kitenge bila kunitazama. "Kaa," akasema. Nikakaa, nikala maharage, na moyoni nikasema maneno ambayo siku iliyofuata ningemwambia padri kama ningekuwa na nafasi ya kuungama.

Mwenzake alikuwa yule binti. Binti hakuwa na desturi ya kukaa akala. Alisubiri wote wamalize, akasimama mlangoni na ukoko wa chungu kiganjani, sikio nje asije akaitwa akachelewa. Mgeni akaweka sahani yake sakafuni, akaitazama, asiile. "Nakusubiri," akamwambia kwa lugha ya kwao. Binti akatikisa kichwa. Chakula kikapoa mpaka ugali ukaota ngozi. Mwishowe mgeni akala kidogo, nusu akaiacha upande wa pili wa sahani, akatoka nje.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Mchana alichuma kahawa polepole sana, tunda moja moja kama anayechambua mchele, na watoto wadogo kwenye mistari ya jirani wakampita. Alinikera. Nilimwambia, "Mama, umekuja kuokoa mtu au umekuja kuchuma kahawa?"

"Vyote viwili," akajibu. "Kahawa yenyewe si imeiva?"

Hakuwa na haraka ya kusali pia, na hilo nalo lilinishangaza. Nilizoea watu wa Mungu wanaosali kwa sauti ili na jirani abarikiwe. Yeye aliamka mapema, akakaa kitandani miguu chini, akanyamaza kidogo, akasema amina. Asubuhi moja nikamuuliza kama anamwombea binti. Nilikuwa tayari kumfundisha rozari, maana niliona Waanglikana wanapunjwa.

"Binti nampenda bila kuombewa," akasema. "Namwomba Mungu nimpende Mzee. Hilo ndilo linanishinda. Nikimwona anacheka na watoto wake natamani kumrushia mawe."

Sikuwa nimejua kwamba ana hasira. Alikuwa nazo nyingi kuliko zangu, ila alizibeba kwa namna ambayo hazikummwagikia mtu. Tangu asubuhi ile nilianza kumheshimu, na sijaacha mpaka leo. Nilifanya naye kazi miaka iliyofuata, yeye akivuka kila ziwa lilipotulia, mimi nikimsubiri Mbamba Bay nimevaa ndala. Wengine tuliwapata, wengine hatukuwapata, na kwa wale ambao hatukuwapata sikumsikia hata siku moja akijitetea.

Basi, binti alikaa chini. Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi. Nakumbuka tu kwamba niliingia jikoni na kuni nikawakuta wamekaa wawili, sahani moja katikati yao, wanakula. Nilitoka nikaziweka kuni nje taratibu. Baada ya hapo akaanza kusema, kidogo kidogo, kwa lugha ya kwao, macho kwenye chungu, na mgeni akanifasiria. Aliuliza habari za mama yake. Aliuliza kama mbuzi wao mwenye pembe moja bado yupo. Kisha akasema lililomkaa rohoni: dalali atakuja na lori la mwisho la kahawa, na safari ile lori litabeba na mtu pamoja na magunia. Yeye atapanda, apelekwe Dar es Salaam kwenye nyumba ya watu asiowajua. Mama mwenye nyumba amemwambia ni bahati.

"Na wewe unataka?" mgeni akamuuliza.

Binti akafunika chungu. Kisha akachukua ndoo akatoka kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Sasa tulikuwa tunakimbizana na lori. Magunia yalikuwa yanajaa. Mimi nikasema basi, safari hii hakuna kuchuma tena, nakwenda mjini. Mgeni akaniomba nisubiri kidogo. Nikamwambia mtu akishafika Dar hatutampata tena, hata tukimwita kwa kengele ya kanisa. Akasema anajua. Akarudi jikoni, akaendelea kukataa sengu.

Sikuelewa kwamba kule uwanjani jambo lilikuwa linaiva. Kigoda cha mgeni kiliwekwa kila siku, na kila siku kikakaa kitupu. Ndugu wa mzee wakaanza kunong'ona. Kaka yake mmoja mwenye ulimi mkali akauliza kama nyumba ile siku hizi inanuka. Mama mwenye nyumba ndiye alikuja kwanza, machozi yanamlengalenga.

"Mama, unanivua nguo. Watu wanasema nimekunyima."

"Hujaninyima kitu. Chakula chako kitamu. Karibu, kaa ule na sisi."

Mama mwenye nyumba alisimama akatutazama sisi watatu sakafuni. Alimtazama binti zaidi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa amekaa. Hakukaa na sisi siku ile, alitoka, lakini jioni alileta nyama jikoni kwa mkono wake mwenyewe na kumpa binti finyango la kwanza.

Kisha akaja mzee. Mwanamume wa umri wake haingii jikoni, kwa hiyo alisimama mlangoni ameinama, moshi unapita juu ya kofia yake.

"Mama," akasema, "nimekukosea nini? Sengu hii ni ya baba yangu na babu yangu. Mgeni hajawahi kuikataa."

Mgeni akainuka. Niliona anavuta pumzi kama anayeinua mzigo. "Hujanikosea, Mzee. Tena napenda sana kuja. Lakini wageni wa kutoka ng'ambo katika nyumba hii tuko wawili, na unamwita mmoja tu. Nikija peke yangu nitakuwa nimemwacha mwenzangu mlangoni."

Nilifasiri neno kwa neno, na safari hii sauti yangu haikuwa na ukali hata kidogo. Niliogopa.

"Yule ni mtoto wa hapa," mzee akasema.

"Sawa, Mzee. Wa ukoo gani?"

Kuni zikapasuka motoni. Ukoo wake mzee aliujua mpaka kwa babu wa babu, angeweza kuutaja usingizini, na binti hakuwemo. Aligeuka, akaenda. Jioni ile sengu haikukaa. Chakula kilirudishwa kila nyumba na kwake, na watu wakala wametawanyika kama waliogombana.

Asubuhi yake lori likasikika linapanda kilima.

Mgeni wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Nilidhani anasali, kumbe analia. "Labda nimekosea," akaniambia. "Labda ungekwenda mjini siku ile uliyotaka. Nimemtia Mzee aibu, na mtu akitiwa aibu anaweza kufanya lolote." Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote ya kweli, yote ya kuumiza. Nilimtazama yule mama aliyevuka ziwa, akaomba msamaha asikokosea, akachuma kahawa ya mtu bila ujira na vidole vyake vilivyokakamaa kwa uzee, na sasa bado ananiuliza mimi kama amekosea. Sikuona mtu mkubwa kuliko yeye tangu nizaliwe. Nilimshika mkono, tukatoka.

Dalali alishuka kwenye lori akiwa anacheka tayari. Aliamkia kila mtu, akatania watoto, akapima magunia. Binti alikuwa amesimama karibu na vichanja na kifurushi chake kidogo cha nguo alichofungiwa na mama mwenye nyumba. Mzee alihesabu magunia yake moja moja. Magunia yalipokwisha pakiwa, dalali akapangusa mikono, akamwonyesha binti nyuma ya lori.

"Chakula kwanza," mzee akasema.

Akaamuru sengu ikae, mchana ule ule, na nyumba zote zilete. Wakaja ndugu zake wote, na yule kaka mwenye ulimi mkali, dalali akapewa nafasi. Kikawekwa kigoda pembeni ya mzee. Kisha nikasikia mzee anaagiza kiletwe kingine. Vikawa viwili.

"Waiteni wageni," akasema. "Wote wawili."

Mama mwenye nyumba ndiye aliyekwenda kumchukua binti pale vichanjani. Alimpokonya kile kifurushi, akakiweka chini, akamsukuma taratibu mgongoni mpaka kwenye kigoda. Binti akakaa ukingoni kabisa, kama kinaunguza. Dalali akacheka kwa sauti.

"Mzee, sisi tulishakubaliana."

"Tulikubaliana habari ya kahawa," mzee akasema. "Kahawa yako iko kwenye lori. Huyu ni mgeni wangu, nami nilikuwa sijamkaribisha."

Kigoda cha pili kilikuwa bado kitupu. Nilimtafuta mgeni kwa macho nisimwone, nikadhani ameanguka mahali. Kisha akatoka jikoni, na mikononi alikuwa na jagi la maji na beseni. Alipita mbele ya wazee wote, akapita kigoda chake, akafika mbele ya binti, na pale, mbele ya ukoo mzima, akapiga magoti vumbini ili amnawishe.

Binti akaificha mikono yake kwapani. Ilikuwa imepasuka kwa maji ya kuoshea kahawa, weusi umeingia mpaka kwenye mistari ya viganja. Alitikisa kichwa. Mgeni hakumlazimisha wala hakuinuka. Alibaki amepiga magoti na jagi lake. Ugali ulikuwa unatoa moshi. Hakuna aliyeugusa, kwa sababu mgeni hajanawa. Wazee walisubiri. Watoto upande wa jikoni walisubiri. Dalali, ambaye hakuwa na mahali pa kutazama, naye alisubiri. Nilikuwa nalia waziwazi kama mtoto, wala sikujali nani ananiona.

Binti akatoa mkono mmoja, halafu wa pili, akaviweka viganja chini ya maji.

Alimega tonge dogo. Alilitafuna muda mrefu, macho chini, na uwanja mzima unamsikiliza akitafuna. Alipomeza, akainua uso, akamtazama mzee kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nataka kwenda kwa mama," akasema.

Mzee alilisogeza bakuli la mboga mpaka likagusa magoti ya binti.

"Kula kwanza, mgeni wangu," akasema. "Njia ya kwenu ni ndefu."